Mikono Sitini ya Kushoto

Yule muuguzi nilianza kutompenda pale aliponiambia, "Kaa, mama, upumue kwanza." Nipumue nini? Nilikuwa nimeacha vitambaa mezani, nimekuja kuchukua dawa na kuondoka. Nikakaa ukingoni mwa kiti, begi mapajani, na kiti chenyewe nikakigeuza kidogo ili niuone mlango. Akanifunga ule mpira wa kupimia mkononi, akautia upepo, akatazama. Akaufungua, akanifunga mkono wa pili.

"Mia moja tisini na mbili kwa mia moja kumi na tano," akasema. "Na dawa unameza?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Nimesema nameza, dada. Au unataka niape?"

Na kweli nilikuwa nameza. Ya presha asubuhi, ya tumbo jioni, na ya usingizi ambayo haijawahi kunilaza. Vidonda vya tumbo vilinianza nina miaka ishirini na mbili. Kaka yangu alikuwa hivyohivyo, tena yeye alikuwa mcheshi, mtu wa kuwavunja watu mbavu hata msibani. Akaanguka bafuni, mswaki mdomoni, akiwa na miaka arobaini na tano. Mimi nina arobaini na tatu. Nyumbani nina binti wa miaka tisa, na baba yake ni dereva wa malori, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwezi. Nikianguka mimi, huyo mtoto atabaki na nani? Swali hilo ndilo lililonipeleka pale, si kitu kingine.

"Presha ni ya ukoo," nikamwambia, ili tumalize.

"Sawa. Basi nieleze huo ukoo." Akavuta karatasi. "Ulipokuwa mdogo, nyumbani kwenu kulikuwaje?"

Jamani! Nimekuja na presha, naulizwa habari za utotoni. Nikamtolea macho. "Kulikuwa kawaida."

"Kawaida vipi?"

"Kawaida ni kawaida! Baba, mama, watoto wawili. Ulitaka tuwe tumefuga simba?"

Hakucheka. Aliandika neno moja, na ingawa kwa upande wangu lilikuwa limepinduka, nililisoma: kawaida. Akanipa dawa mpya, akaniambia nirudi baada ya wiki, na kwamba nikihisi upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, nisingoje hiyo wiki. Nikatoka karibu nikikimbia.

Karakana yetu ina mafundi cherehani saba na mwenye mali mmoja, tunayemwita Mzee Futi kwa sababu futi ya kupimia haijawahi kutoka shingoni mwake. Tunasema hata kuoga anaoga nayo. Mimi naitwa Mama Sindano, na wateja hudhani ni kwa ajili ya kazi, kumbe Sindano ni binti yangu, alivyo mwembamba. Cherehani yangu iko pembeni kabisa, mgongo ukutani, uso mlangoni. Wenzangu hunitania kwamba nasubiri polisi. Huwa nacheka nao. Kuhama sihami.

Siku hiyo tulikuwa na makoti thelathini ya wafanyakazi wa hoteli, na kukata mikono ilikuwa zamu yangu. Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo, upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Cha namna hiyo unakilaza uso kwa uso, ndipo mkono wa kulia na wa kushoto itoke pamoja. Hata mwanafunzi wa wiki mbili anajua. Ndiyo kwanza nimeshika mkasi, sijakata hata mmoja, mara mteja mmoja akaingia na kutupa shada la funguo juu ya meza ya bati iliyoko mlangoni.

Ni hilo tu. Funguo juu ya bati. Lakini moyo ulinienda mbio, viganja vikalowa jasho, masikio yakaziba. Ningesimama kidogo, ninywe maji, yangeisha. Mimi huyo! Nikaongeza kasi. Nikalaza kitambaa, nikakata, nikalaza vilevile, nikakata, bila kutazama kinachong'aa wala kilichofifia, nikitaka nimalize tu, nimalize nini sijui.

Saa nane jirani yangu wa cherehani akainua mikono miwili ya koti, mmoja huku, mwingine huku.

"Mama Sindano, hawa watu wa hoteli wana mikono miwili ya kushoto?"

Watu wakacheka. Akainua mingine miwili. Kushoto, kushoto. Tukapekua rundo zima, na kicheko kikawa kinapungua kila tulivyopekua. Mikono sitini, yote ya kushoto, hakuna hata mmoja wa kulia wa kusingizia.

Mzee Futi akaja. Si mtu wa kufoka yule, nataka hilo lieleweke. Alitazama mikono, akakuna kidevu, akasimama mbele yangu na kuinua rula yake ya mbao kunionyesha rafu iliyo juu ya kichwa changu, kwenye kitambaa kilichobaki.

Nami nikajikunja. Mikono yote miwili juu ya kichwa, na sauti ikanitoka, nyembamba, ya mtoto: "Sirudii tena!"

Wenzangu wote wakageuka kunitazama.

Mzee Futi aliilaza rula sakafuni taratibu. "Mama Sindano," akasema, "nilikuwa naonyesha rafu."

"Najua."

"Kitambaa kipo cha kutosha. Nenda nyumbani ukapumzike."

Bora angenitukana! Ningejua la kumjibu. Nilichukua mkasi wangu, maana hakuna fundi anayeacha mkasi wake nyuma ukatumiwe kukatia makaratasi, nikatoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nawaka. Nilimkasirikia Mzee Futi na upole wake, nikamkasirikia jirani yangu, nikamkasirikia mpaka mteja wa watu na funguo zake.

Ilikuwa saa tisa nilipofika. Sindano alikuwa ametoka shule, nikamsikia ndani anaimba. Nikafungua mlango, begi nikalibwaga kwenye kiti, mkasi nikautupa mezani. Pa!

Wimbo ukakatika.

"Sindano!"

Nikatazama jikoni, hayupo. Nikaenda chumbani. Alikuwa amejibana kati ya kabati na ukuta, daftari magotini, penseli mkononi.

"Unafanya nini huko?"

"Shikamoo, mama. Nasubiri."

"Marahaba. Unasubiri nini?"

Alinieleza bila woga, anavyoeleza ratiba ya vipindi vya shule. "Ukiweka mkasi polepole, nakuja kukupokea. Ukiutupa, nasubiri hapa mpaka nisikie umewasha jiko. Ukishawasha jiko unakuwa sawa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Nikajaribu kucheka, nikashindwa. "Mimi nimewahi kukupiga?"

"Hapana."

"Hata kofi moja?"

"Hapana, mama." Akatazama ncha ya penseli yake. "Lakini sijui kama siku nyingine hutanipiga."

Nikakaa sakafuni. Siku aliyozaliwa niliapa kwamba mkono wangu hautamgusa kwa ubaya, na kiapo hicho nimekishika miaka tisa. Nikajisifu, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe nilimfikishia hofu yote nzimanzima, nikabakiza kipigo tu.

Baba yetu alikuwa mtunza maghala. Alirudi jioni na shada la funguo la kujaza kiganja. Akiziweka mezani taratibu, tulitoka kumwamkia. Akizitupa, kaka yangu alinisukuma nyuma ya kabati, akatoka yeye kwanza, mikono juu ya kichwa, ili hasira iishie kwake. Kila mara alitoka yeye. Tulipokuwa wakubwa hatukuwahi kulizungumza hata siku moja, tukawa tunaulizana tu, wewe presha yako ngapi, na yako ngapi, tunacheka.

Sindano hana kaka. Pale nyuma ya kabati alikuwa peke yake.

"Umekasirika?" akaniuliza.

"Nimeogopa," nikamwambia. "Naogopa tangu nikiwa mdogo kuliko wewe, na nilikuwa sijui kama bado naogopa. Nisamehe, mwanangu."

Alifikiri kidogo. Kisha akasogea, akanipisha nafasi pale ukutani, tukabanana wawili. Nilianza kumweleza habari za babu yake, si zote, na nilipofika kwa mjomba wake nililia kilio ambacho sikukilia siku ya kumzika.

Sikungoja wiki. Asubuhi nilimsindikiza Sindano shule, nikapitia karakana kumwambia Mzee Futi kwamba nachelewa na kwamba mikono thelathini ya kulia nitaikata mwenyewe, kisha nikaenda kule zahanati. Muuguzi yuleyule. Akaniona, akanyoosha mkono kuchukua ule mpira.

"Acha kwanza, dada," nikasema. "Faili langu lipo? Pale ulipoandika kawaida, futa."

Akaacha mpira, akatafuta faili, akatoa kalamu. Kiti nilikigeuza kidogo niuone mlango, maana bado siwezi kukaa vinginevyo. Alinisubiri nimalize kukigeuza. Nikakaa, safari hii nikakijaza kiti chote, nikaanza na funguo za baba.