Daftari la Mwaka Arobaini na Moja

Binti yangu Sharayu alipofaulu mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, mtaa wetu mzima hapa Latur, India, ulijua kabla sijarudi kutoka kazini. Jirani yetu, Mama Kulkarni, alinisimamisha mlangoni.

"Hongera. Ingawa nyinyi mngepita hata mkilala. Si mmetengewa nafasi?"

Sharayu alikuwa ndani, akayasikia. Miaka miwili alikuwa akilala saa nne tu kwa siku.

Sisi ni Mang, watu wa kusokota kamba, na nafasi hizo ziliwekwa kwa ajili ya matabaka yaliyotupwa chini kama letu. Lakini ofisi ya serikali inataka uthibitisho wa tabaka. Karani alizipekua karatasi zetu, akatikisa kichwa.

"Hizi hazitoshi, bwana. Leta ya kabla ya mwaka hamsini, iliyoandikwa tabaka. Daftari la shule la babu yake litafaa. Una siku tisa."

"Babu mwenyewe yupo hai. Si mumuulize?"

"Mzee si karatasi."

Kesho yake tulipanda basi kwenda kijijini: mimi, Sharayu na baba yangu Kondiba, mwenye miaka sabini na saba. Njia nzima baba hakusema neno. Nilidhani amechoka.

Mwalimu mkuu, kijana mwenye adabu zake, alitutolea daftari lililoliwa na mchwa. Akapitisha kidole jina kwa jina, kuanzia mwaka arobaini na moja hadi arobaini na saba.

"Hayupo. Mzee, una hakika ulisoma hapa?"

"Nilisoma." Baba alionyesha dirishani. "Pale barazani. Mwalimu wa wakati ule alisema nikiingia nitawatia najisi wenzangu. Nilisikiliza nikiwa nje, miaka miwili. Kusoma nikajua. Kuandikwa, hawakuniandika."

Mwalimu mkuu alituandikia barua kueleza hayo yote. Karani aliisoma mpaka mwisho, naona hata yeye ilimgusa, kisha akanirudishia.

"Hii ni ya juzi, bwana. Nimekwambia, kabla ya hamsini."

Siku ya tisa ikapita. Nafasi akapewa mwingine.

Jioni ile baba alimwita Sharayu, na kabla hatujajua anataka nini, aliinama akamshika miguu. Kwetu mdogo ndiye humshika mkubwa miguu.

"Babu! Unafanya nini? Inuka!"

"Nilijua tangu kwenye basi, mjukuu wangu. Niliona haya kukwambia. Nisamehe."

Sharayu alikaa chini pamoja naye, wakalia wote wawili. Mimi nilitoka nje.

Sasa Sharayu anauza dawa katika duka moja karibu na stendi. Mwaka uliofuata nilimsihi aufanye mtihani tena.

"Nikifaulu, halafu?" aliniuliza. "Nitamtoa wapi babu mwingine, Baba?"