Maksai wa Mwalimu Lomenen

Gari la serikali lilifika Kakuma siku moja kabla ya siku iliyotarajiwa, likamkuta Mwalimu Lomenen ndani ya kisima.

Ukame wa mwaka ule wa 1976 ulikuwa umeukausha mto Tarach hata watu wakachimba mchangani visima vya kummeza mtu mzima. Lomenen alisimama chini, kifua wazi, tope magotini, akijaza karai na kumpokeza baba yake, mzee Losike, aliyemwagia ng'ombe maji horini. Shati lake jeupe na suruali ya kazi vilining'inia kwenye mgunga. Alfajiri alinywesha mifugo, asubuhi akaenda kufundisha. Ndivyo alivyoishi tangu aanze kazi, na hakuona ubaya wowote.

Alikuwa akiimba. Alimwimbia Longor, maksai wake wa rangi ya hudhurungi, ambaye pembe zake alizipinda mwenyewe zikiwa bado changa. Pale visimani hakuna aliyemwita Lomenen, na mwalimu ndiyo kabisa. Marika yake walimwita Apalongor, yaani baba yake Longor, kwa kuwa mwanamume wa Kiturkana hubeba jina la maksai wake, na maksai wa namna hiyo hauzwi, wala hachinjwi ili mtu ashibe.

"Ndiye huyu mwalimu?" sauti ikauliza huko juu, na kicheko ndani yake.

Lomenen akainua macho. Ukingoni mwa kisima palikuwa na viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikang'aa. Vilikuwa viatu vya Bwana Wainaina, mkaguzi wa shule kutoka Lodwar. Kando yake alisimama Chifu Ekiru, kofia ya serikali kichwani. Lomenen akaukatiza wimbo. Alipanda akijipangusa tope kwa viganja, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Alikuwa mwalimu asiye na cheti. Miaka saba alifundisha, kwanza chini ya miti, kisha katika darasa lisilo na paa, na sasa habari zilienea kwamba wasio na vyeti wangeachishwa kazi. Kwa upande wa Kakuma ilikuwa imebaki nafasi moja tu ya chuo cha ualimu, na wa kuitoa alikuwa Wainaina. Mshahara wa Lomenen, mdogo hivyo hivyo, ndio ulioleta unga kwa mkewe na watoto, na kwa boma la baba yake pia.

"Karibu, bwana mkaguzi. Tulikutegemea kesho."

"Kesho niko na mkutano. Sasa mwalimu, wewe unaimbia nani huko chini? Hii ng'ombe?"

Dereva akaangua kicheko.

Hapo ndipo angeweza kusema kweli. Lakini Lomenen alimwona mkaguzi akiitazama miguu yake yenye tope, akakumbuka jinsi watu waliotoka kule Kenya, kama Waturkana walivyoiita nchi iliyo ng'ambo ya milima, walivyowasema wenyeji wakiwa baa. Akaona haya. Akamwonea haya Longor, akazionea haya pembe zake na wimbo wenyewe.

"Hapana, bwana. Nilikuwa nafukuza usingizi tu."

"Vizuri. Maana mimi nasikia njaa. Chifu, hapa mtatupea nini?"

"Mwalimu amefunga mbuzi kule shule, bwana."

"Mbuzi! Lodwar kila siku ni mbuzi." Wainaina akanyoosha kidole. "Ile yenye pembe imepinda. Hiyo imenona. Zingine zote ni mifupa."

Ekiru alijua. Naye alikuwa na maksai wa jina lake, na alimwimbia kwa sauti nzuri kabla hajapewa kofia. Akainama akakung'uta vumbi kwenye soksi zake, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Mtu huyu anamwonyesha Longor kidole," mzee Losike alisema kwa Kiturkana. "Anataka nini? Mwambie huyu ni nani."

"Mzee anasema nini?" Wainaina akauliza.

Lomenen akamgeukia mkaguzi. "Anasema karibuni, bwana. Mmeliheshimu boma letu."

Kiswahili cha Losike kilikuwa cha dukani, lakini neno "karibuni" kila mwenye duka wa Kakuma alilisema. Mzee akaliweka karai chini. Akaokota kigoda chake na fimbo, akaondoka kufuata mto, hakumwangalia mwanawe hata mara moja.

Longor hakukubali dereva amsogelee. Alirusha mateke, akakoroma, akazunguka.

"Shika wewe, mwalimu," Wainaina akasema. "Wewe anakujua."

Alimjua kweli. Lomenen alimwita mara moja tu, Longor akaja, akaanza kulamba chumvi ya jasho mkononi mwake. Lomenen akaishika pembe moja kwa mkono wa pili, dereva akapitisha kisu shingoni. Mpaka mwisho ule ulimi haukuuacha mkono wake.

Walikula darasani, dawati likiwa meza. Watoto walikaa nje juani wakinusa, wakangojea mchuzi. Bwana mkaguzi hakumwuliza mtoto hata mmoja swali; ukuta aliukagua kwa kuuegemeza mgongo. Alikata kipande cha ini akampa mwenyeji wake.

"Kula, mwalimu. Usione haya."

Akala. Hakuwa ameonja nyama kwa miezi, na ini lile lilikuwa tamu. Aliuchukia mdomo wake kwa kuuona utamu huo, lakini alipoongezewa, alikula tena.

Miguu miwili ya nyuma, kichwa na ngozi vilitiwa kwenye magunia, magunia yakapakiwa garini. Wainaina akajifuta mikono kwa leso.

"Sasa, ile mambo ya chuo," akasema. "Hiyo nafasi ilichukuliwa. Ni kijana wa hapa hapa, Chifu anamjua vizuri sana."

Ekiru alikuwa tayari ameshika mlango wa gari.

"Lakini wewe ni mtu wa maendeleo, nimeona. Hutaachishwa kazi haraka. Mwaka ujao nikirudi tutaangalia." Macho yake yakatembea mpaka kwa ng'ombe waliosimama mbali. "Na hiyo yenye baka, usiuze."

"Ndiyo, bwana," Lomenen akajibu. Akajisikia akiongeza, "Asante."

Gari lilipoingia mtoni, magurudumu yalizama mchangani. Watoto wakaitwa kusukuma. Lomenen akasukuma pamoja nao, uso wake karibu ukigusa gunia, na damu iliyochuruzika kwenye bodi ikalipaka shati lake jeupe. Mchanga uliruka ukawajaa machoni, lakini gari halikusogea.

Mwishowe watu wa visimani waliteremka bila kuitwa, kwa sababu gari lilikuwa limeziba njia ya ng'ombe wao. Walijipanga nyuma yake. Mbele yao alikuwa Akuwam, rika la Lomenen, aliyechunga naye tangu utotoni. Akuwam alimtazama, akalitazama na lile shati.

"Sogea kidogo, mwalimu," akasema. Alisema hayo kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia kwa wageni.

Lomenen akasogea. Wanaume wale wakasukuma, gari likanasuka na kushika njia ya Lodwar, nao wakarudi visimani bila kumngojea.