Nguzo ya Ebo

Moto ulikula paa, viti na mimbari, ukaacha nguzo moja tu: ile nene iliyosimama katikati ya kanisa, ikiwaziba macho waliokaa nyuma. Waumini waliichukia tangu enzi za babu zao. Efuwa peke yake ndiye aliyeipenda. Nyuma ya nguzo hiyo ndiko mumewe, marehemu Ebo, alikokuwa akisinzia kila Jumapili, mpaka wakati wa sadaka, Efuwa amdunge kiwiko, naye ashtuke: "Niko macho!"

Mchoraji kutoka Cape Coast alipoleta ramani ya kanisa jipya, nguzo haikuwamo.

"Niachieni hiyo tu," Efuwa aliiomba kamati. "Kaburini siwezi kuketi naye. Pale naweza."

Mzee Arhin, mwenyekiti, akatikisa kichwa. "Mama Efuwa, nguzo ile ni maficho ya wavivu. Tunataka kila mtu aonekane mbele ya Mungu!"

"Kwani Mungu alikuwa hatuoni, mzee?"

Watu wakacheka, kisha wakapiga kura. Nguzo ikavunjwa.

Siku ya uzinduzi kila mtu alionekana. Mchungaji Otoo, aliyezoea kuihubiria nguzo, aliwaona kondoo wake kwa mara ya kwanza.

"Dada Aba, hiyo peremende imeisha, au tukusubiri?" Akageuka. "Na mwenyekiti wetu naona ameshatangulia mbinguni. Hebu mwamsheni!"

Kicheko kilitikisa paa jipya. Mzee Arhin hakucheka.

Mwezi haukuisha, kamati ikagundua kwamba paa linahitaji kushikiliwa. Mchoraji aliapa kwamba halihitaji. Akaambiwa hajui upepo wa huku. Mzee Arhin akaenda mwenyewe kwa Efuwa.

"Mama, ile nguzo ilisimama wapi hasa?"

Efuwa akamwonyesha. Nguzo ikarudi, nene kuliko ya kwanza.

Jumapili iliyofuata Efuwa alivaa nguo zake nyeusi akawahi kanisani. Mzee Arhin alikuwa amewahi zaidi. Alikuwa ameketi mahali pa Ebo, kidevu kifuani, akikoroma taratibu. Efuwa alisimama, akataka kumwambia asogee. Kisha akaketi kando yake, mahali pake pa siku zote.

Ngoma za sadaka zilipoanza, kiwiko chake kikaenda chenyewe ubavuni mwa mzee.

"Ebo, amka."

"Niko macho!" akasema mzee Arhin, akifuta udenda.

Ulikuwa uongo uleule. Efuwa akainamisha uso, akatafuta leso.