Programu Iliyomwita Ojwang

"Kompyuta? Hapa hakuna anayenizidi," Akinyi alipenda kujitapa katika maabara ya utafiti wa maji pale Nyangoto. "Ila ikizimika, msiniite mimi."

Walicheka naye. Shule yake iliishia darasa la saba, na namba za visima aliziingiza kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Kazi hiyo alifundishwa na mwanawe Ojwang, aliyekuwa mtafiti hapohapo kabla ya kufa kwa ajali ya pikipiki, njia ya Matongo.

Kwao Wajaluo, jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa, ili lizidi kuitwa. Ojwang hakuacha mtoto, wala Akinyi hakuwa na mtoto mwingine wa kumzalia mjukuu. Hata wenzake kazini, waliozoea kumwita Mama Ojwang, sasa kwa kumhurumia waliishia "mama" tu. Iliyobaki kulitaja jina ni programu ya takwimu aliyoiweka kijana mwenyewe. Kila asubuhi ikifunguka iliandika: *Karibu tena, Ojwang.* Akinyi aliitikia kwa sauti ndogo, "Yupo," ndipo akavua kanga mabegani.

Basi mkuu wa maabara, Godwin, akaja na lake. "Programu hii imezeeka. Nimeweka mpya kwenye mashine zote. Ijaribuni wiki hii, Ijumaa tuchague. Tukiipenda, ya zamani tunaifuta."

Ijumaa, Neema, mtafiti kijana, aliisifu: nyepesi, haisumbui mtandao ukikatika, grafu inachora yenyewe.

"Mimi nimeitumia wiki nzima," Akinyi akasema. "Imemeza namba zote za visima vya Matongo. Ile ni fisi, siyo programu. Tubaki na ya zamani."

Godwin alishtuka. "Namba zimepotea? Neema, fungua mashine ya mama tuzitafute."

"Msisumbuke, wanangu. Tunywe chai kwanza..."

Neema alikwisha kubofya. Kioo kikawa cheupe, na katikati maneno machache: *Karibu kwa mara ya kwanza. Andika jina lako.*

Hakuna aliyecheka.

"Mama," Neema akasema taratibu, "hii hujaifungua hata siku moja."

Akinyi alikitazama kile kidole chake kimoja.

"Nimeifungua," akasema. "Labda imenisahau."