Kutu ya Jiwe la Obiero

Kila Ijumaa, jua likianza kuinama juu ya mabati ya mtaa wa Sarang'ombe, Nairobi, nyumba ya Rosebella ilikuwa tayari kuipokea Sabato. Sakafu imepigwa maji, sufuria zimesuguliwa hadi unajiona uso. Mwisho kabisa lilikuja jiwe. Alilitia kwenye beseni, akalikamulia ndimu, akalisugua kwa waya wa sufuria, kila ufa na kila kitundu, mpaka maji yakawa na rangi ya chai. Miaka yote hiyo ya kusugua imeliacha jeupe pe, na punje zake za manjano zikimeta.

Ndilo pekee lililorudi kutoka machimboni. Mumewe, Obiero, alimpa mwenzake alitoe nje ya shimo. "Mpelekee Mama Daisy," alisema, "mwambie tumeupata mshipa wa dhahabu." Kisha akarudi chini, na mwamba ukashuka. Watu walichimba mpaka wakachoka. Mwili haukuonekana, na wazee wakafanya vile desturi ya Wajaluo inavyotaka: wakachuma tunda la mti wa yago, refu na zito, wakalivika sanda, wakalizika mahali pa Obiero.

Sasa ukoo ulikuwa umepanga kulijengea kaburi hilo kwa saruji Desemba, na Rosebella aliomba jambo moja tu: jiwe liwekwe juu, upande wa kichwa. Shemeji yake Jeremy akakataa.

"Shemeji, watu watatucheka. Hicho ni kitu cha kumeta tu. Ndugu yangu alifuata uongo mpaka ukamfunika, halafu sisi tuupandishe juu ya kaburi lake?"

"Obiero hakuwa mwongo."

"Basi tafuta mtu anayejua. Akisema ni dhahabu, nitalibeba mwenyewe na mikono hii."

Rosebella akalifunga jiwe kwenye leso, akaenda Kabiro, kule Kawangware, kwa Risper, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kabla ya kuja Nairobi, Risper alikuwa amepiga mawe na kuosha mchanga machimboni pamoja na wanawake wenzake.

"Woi, Mama Daisy! Kaa mbali kidogo na meza yangu. Unanukia sabuni hivyo, wateja watasema omena yangu imechacha!"

Akacheka, lakini leso ilipofunguliwa kicheko kikakatika. Akaligeuza jiwe huku na huku.

"Nani ameliogesha hivi?"

"Ni mimi. Kila Ijumaa."

Risper alichomoa sindano kwenye pindo la kitambaa chake, akaikandamiza juu ya punje moja ya manjano. Punje ikapasuka, ikawa unga mweusi.

"Hii si dhahabu. Dhahabu haipasuki, inabonyea. Hii ni chuma na kiberiti. Ukiichoma itanuka."

"Kwa hivyo Jeremy alisema kweli."

"Ngoja kwanza, usimzike mtu mara mbili. Ule mwamba wa itale ulipasuka zamani za Mungu. Maji ya moto yakapanda kwenye ufa, yakaacha hili jiwe jeupe, ndio mshipa. Dhahabu ilikuja nayo, lakini ndogondogo, imejificha ndani ya hivi vinavyometa. Mvua ikivifikia, vinaoza, vinaacha vitundu vya pembe nne vimejaa kutu. Dhahabu yenyewe haiozi. Inabaki pale pale ndani ya kutu. Sisi jiwe likitoka shimoni jekundu kwa kutu, tulikuwa tunapiga vigelegele."

Rosebella akavitazama vile vitundu. Vya pembe nne, kama vimechongwa na fundi. Vyote vyeupe, vyote safi. Akayakumbuka yale maji ya rangi ya chai, na mtaro aliokuwa akiyamwagia.

"Nilidhani ni uchafu wa shimo," alisema polepole. "Sikutaka Sabato imkute mchafu."

Risper aliinamisha kichwa juu ya jiwe, akaendelea kutafuta. Ubavuni kulikuwa na kitundu kimoja chembamba, kirefu kuingia ndani, ambacho waya haukukifikia. Akakichokoa taratibu. Kutu ikamwagika, na chini yake kikaonekana kitone cha manjano, kidogo kuliko punje ya wimbi. Hakikumeta. Akakikandamiza. Hakikupasuka, kilibonyea, kikabaki na alama ya sindano.

"Tazama. Mume wako alisema kweli."

Neno hilo Rosebella alikuwa ameliombea kwa magoti. Sasa limekuja, na midomo yake ikakataa kusema haleluya.

"Lingekuwa tupu, angetoka," alisema.

"Mama Daisy..."

"Angetoka, Risper. Angekuja nyumbani amekasirika, aoge, ale, alale. Ni hiki kilichomrudisha chini."

Risper akamshika mkono kwa vidole vyake vya omena, na mteja aliyekuwa akingoja akaondoka bila kuitwa.

Ijumaa Jeremy alikuja. Rosebella alimwonyesha kitundu, akampa sindano, akamwacha abonyeze mwenyewe. Jeremy alikaa sakafuni palipokuwa bado na majimaji, akajifunika uso kwa kofia yake.

"Nitalibeba," alisema ndani ya kofia.

Daisy, aliyekuwa akimalizia sufuria, aliliona jiwe juu ya meza, akalinyooshea mkono wenye waya.

"Hilo liache," mama yake akasema.

"Lakini mathe, Sabato inaingia na liko na kutu hapa."

"Liache na kutu yake."

Jua likazama. Sufuria zote zilikuwa zimeng'aa, na beseni la jiwe lilikuwa kavu.