Kofia Iliyokwenda Edinburgh

Mjukuu wangu Beathag alirudi kutoka kwa Bi Oighrig, mjane wa Tormod mfumaji, akaketi mezani bila kuvua koti. Nilimwekea supu ya kondoo. Hakuigusa. Mtoto huyu nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, na leo ni mtunza nyaraka huko Edinburgh, katika jumba linalohifadhi miswada ya washairi na barua walizoandikiana. Sioni haya kusema kwamba najivunia. Alikuwa ametumwa kisiwani kwetu kwa kazi moja tu: kulipata sanduku la Tormod.

Tormod alikuwa mshairi wa kijiji chetu. Mchana alikaa kwenye mtambo wake wa kufumia akifuma sufu, na kwa mdundo ule ule wa miguu akitunga mashairi. Maisha yake yote aliandikiana na rafiki yake Eachann, mwoka mikate wa Glasgow, mshairi naye. Mmoja alipeleka shairi, mwenziwe akalikosoa bila huruma na kulirudisha. Eachann alipofariki, wanawe walizipeleka barua za Tormod Edinburgh. Lakini majibu ya Eachann, pamoja na mashairi yenyewe kwa mkono wa Tormod, yalibaki chini ya kitanda cha Bi Oighrig.

"Kule kwetu tuna maswali, Babu," Beathag aliwahi kuniambia. "Majibu yote yako kwa yule bibi."

Na Bi Oighrig alikuwa anahama. Baada ya kondoo kuzaa angekwenda kukaa kwa binti yake Inverness, na alikwisha kutangaza kwamba kisichokwenda Edinburgh kitaingia jikoni, kiwake pamoja na mboji kavu tunayochoma badala ya kuni.

"Amekataa?" nilimwuliza Beathag.

"Hajakataa. Ana sharti."

"Sharti gani?"

"Supu hii chumvi haijakolea, Babu."

"Hujaionja. Sharti gani?"

Akaweka kijiko chini. "Unaijua ile kanuni ya Tormod?"

Nani asiyeijua? Mshairi wa kijiji ana haki ya kumcheka jirani yake, lakini wimbo wa kumcheka mtu hauvuki mpaka wa kijiji kabla mwenyewe hajaimbiwa usoni, kando ya moto, aujibu akiweza. Tormod aliishika kanuni hiyo kama amri ya Kanisa, isipokuwa kwa Eachann, mkosoaji wake. Postamasta aliimbiwa. Mchungaji aliimbiwa, akacheka hadi akapaliwa na chai.

"Basi kuna wimbo mmoja tu ambao mwenyewe hajausikia," alisema Beathag. "Bi Oighrig anasema sanduku haliondoki mpaka mtu huyo ausikie. Hata tukiitoa karatasi hiyo moja tu, hataki. Anasema ni sanduku zima au moto."

"Na huyo mtu ni nani? Nitakwenda kuzungumza naye."

"Ni wewe, Babu."

Niliisogeza chumvi karibu na bakuli lake.

"Nani anaujua wimbo huo?"

"Kijiji."

"Kijiji kizima?"

"Na kijiji cha pili kidogo."

"Na wewe?"

"Babu, mimi niliujua kabla ya alfabeti."

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu kwa muda mrefu, na hapana mzazi, hata Tormod, aliyethubutu kuniimbia hali mwanawe yumo darasani mwangu. Hilo nilielewa. Lakini kwamba watoto niliowafundisha kusimama wima walikuwa wakinong'ona beti za kunicheka nyuma ya madawati, hilo liliniuma kwa kweli. Nilifikiria kukataa. Mtu wa umri wangu hana wajibu wa kwenda kuchekwa. Kisha nikamtazama mtoto yule, ambaye hakuniomba neno lolote, supu yake ikipoa mbele yake.

"Vaa koti," nikamwambia.

"Sijalivua."

Bi Oighrig alitufungulia mlango kabla hatujabisha hodi. "Mwalimu Mkuu! Umekuja kunichapa?"

"Nimekuja kuimbiwa."

"Haya, kaa."

"Nitasimama."

"Simama, ila usinizibie moto. Mifupa yangu nayo inataka kusikiliza."

Akaimba. Sauti yake ilikuwa kavu lakini ilishika mizani. Wimbo ulihusu siku ya kuogesha kondoo, upepo uliponipokonya kofia mbele ya wanakijiji na wanafunzi wote. Watu walinipigia kelele nikimbie. Sikukimbia. Mwalimu mkuu hakimbii mbele ya wanafunzi wake. Niliifuata kwa mwendo wa Jumapili, nayo ikawa inatua, inaningoja, inaondoka tena:

*Kofia yaenda mbio, Mwalimu yuaja pole,*
*Upepo wamwita, "Njoo, nikungoje hadi kule?"*

Mwishowe ilitumbukia ndani ya josho, miongoni mwa kondoo dume, ikatolewa kwa fimbo, haina hata kupe mmoja.

Alipomaliza, masikio yangu yalikuwa ya moto. Beathag aliinamia sakafu, mabega yakimtikisika.

"Cheka tu, binti, utapasuka," alisema Bi Oighrig. Kisha akanigeukia. "Enhe? Una jibu?"

Kila kilichoimbwa kilikuwa kweli.

"Ubeti wa tatu unachechemea," nilisema. "Mizani imepungua katika mstari wa pili."

Bi Oighrig alibaki kinywa wazi. Lakini Beathag aliruka kutoka kitini.

"Babu, sema tena!"

"Unachechemea. Mtu yeyote mwenye masikio atasikia."

"Tormod alisikia! Tunayo barua yake kule Edinburgh. Anamwandikia Eachann: 'Ubeti wa tatu unachechemea, nimeugeuza kila upande, nifanyeje?' Hatukujua ni wimbo upi, wala alijibiwa nini. Bi Oighrig, tafadhali, niruhusu nitazame."

"Umesharuhusiwa. Si ameimbiwa?"

Sanduku likavutwa kutoka chini ya kitanda. Beathag alipangusa mikono, akazipitia barua moja moja bila kuivuruga hata moja mahali ilipowekwa, jambo lililonipendeza. Alipoipata, alisimama karibu na dirisha akasoma kwa sauti:

"'Tormod, uache ulivyo. Mtu aliyekataa kukimbia mbele ya kijiji kizima hachechemei hata kidogo. Kati yake na wewe lazima mmoja achechemee. Bora uwe wewe.'"

Nilivuta kiti nikaketi.

"Mwoka mikate huyo," nilisema hatimaye, "alikuwa na akili."

"Alikuwa na ulimi mbaya," alisema Bi Oighrig, akijifuta macho kwa aproni. "Tormod aliisoma hiyo barua akacheka wiki nzima. Chukueni sanduku. Chukueni kabla sijaanza kulia nikazilowesha barua."

Beathag akatoa hati ya kukabidhi. Mjane akatia sahihi, nami nikawa shahidi. Baadaye mjukuu wangu alinisogelea, akashusha sauti.

"Babu, nyaraka zinazomhusu mtu aliye hai tunaweza kuzifunga. Nikitaka, wimbo huu hautasomwa na mtu mpaka... mpaka baadaye sana."

"Mpaka nife."

"Ndiyo."

"Na usipofungwa, katika orodha yenu utaandikwaje?"

"'Wimbo wa kumcheka mwalimu mkuu, hajulikani.' Tormod hakutaja jina."

"Hajulikani?" Nilisimama. "Hajulikani! Kijiji kizima kinaujua, na kijiji cha pili kidogo! Usiufunge. Uache wazi, yeyote anayetaka aje ausome. Na uandike jina langu lote, Fionnlagh Alasdair MacAmhlaigh, kisha chini yake useme kwamba hakukimbia."