Pikapu ya Bwana Shamba

Katika tarafa nzima, Theonest ndiye bwana shamba pekee aliyekuwa na gari lake mwenyewe. Lilikuwa Pijo pikapu la rangi ya maziwa, alilouziwa na padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao moja kwa moja. Mabwana shamba wengine wa Biharamulo walizunguka kwa baiskeli, na masika yakikolea hawakuzunguka kabisa. Landrova ya ofisi ya kilimo ilikuwa juu ya mawe tangu mwaka uliopita, ikisubiri vipuri ambavyo havikuja. Kwa hiyo kijiji cha ujamaa kikianzishwa porini, mahali ambapo hata maji ni ya kutafuta, aliyefika na mbegu za mihogo alikuwa Theonest.

Mkuu wake wa kazi alimsifu mbele ya watu. Ilisemwa waziwazi kwamba msaidizi wa afisa kilimo wa wilaya akistaafu, nafasi ile ni ya Theonest. Petroli aliahidiwa kurudishiwa. Ahadi hiyo aliisikia kila robo mwaka.

Nyumbani Runazi, mkewe Deodata alilitazama gari lile kwa macho mengine. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mshahara wake ulinunua unga, chumvi, mafuta ya taa na sare ya binti yao wa kwanza, Kalista. Mshahara wa mumewe uliingia kwenye Pijo: leo tairi, kesho betri, mwezi ujao springi iliyokatika njiani, na petroli ya kubembeleza kwa watu wenye madebe uani. Sabuni ilipoadimika kwenye duka la kijiji, Deodata alifulia majivu, na gari likaoshwa kwa sabuni ya mche iliyotoka Mwanza.

Hata hivyo hakuwa mwanamke wa kelele. Alijua kwamba mama mkwe wake, Kanyange, alikuwa peke yake Murusagamba, kule mpakani na Burundi, na kwamba Theonest ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Barabara ya kule mabasi yaliiogopa. Bila gari, mwana angemwona mama yake labda mara moja kwa mwaka. Kwa gari, alikwenda kila baada ya miezi miwili, akarudi na ndizi na maharage, na uso wake ukiwa umetulia.

Mwaka wa 1978, mwezi wa tisa, mwalimu mkuu alimwita Deodata ofisini na kumwambia kwamba amechaguliwa. Alitakiwa kwenda chuo Mwanza mwezi wa kwanza, akasomee ualimu wa daraja la A. Walimu waliokuwa wakiitamani nafasi ile walikuwa wengi. Deodata alitoka pale akitembea upesi, akapita shamba la shule bila kuwaona watoto waliomwamkia.

Jioni hiyo alimweleza mumewe wakiwa wanakula.

"Ni jambo jema sana, Mama Kalista," Theonest alisema. "Nani atakaa na watoto?"

"Dada yangu Verediana yuko tayari kuja. Lakini atakula, na watoto watakula, na mimi kule nitahitaji cha kujikimu. Mshahara wangu hauwezi kugawanyika mara tatu."

Theonest akaacha kumega ugali.

"Unataka niliuze gari."

"Sijasema mimi. Umesema wewe."

"Nikiliuza, mimi ni bwana shamba wa baiskeli. Ile nafasi ya wilayani nitaisikia kwa wengine."

"Na usipoliuza, mimi nitafundisha *a, e, i, o, u* mpaka nizeeke. Baba Kalista, mtu mmoja wetu lazima aache kitu. Miaka yote nimeacha mimi."

Kwa siku kadhaa Theonest alikuwa akiamka na kulizunguka gari, akifungua boneti na kuifunga. Wiki ya tatu akasema, "Nitaliuza." Deodata alimshika mkono mbele ya watoto, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Mnunuzi alipatikana bila shida. Shibuda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule Nyantakara, alikuwa amelitamani Pijo lile tangu zamani. Alikuja, akaliendesha mpaka mtoni na kurudi, wakapatana. Walikubaliana alichukue baada ya mauzo ya ng'ombe, Jumamosi ya katikati ya mwezi wa kumi na moja.

Kabla ya Jumamosi hiyo redio ilitangaza vita. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka na kuingia ng'ambo ya mto Kagera. Watu walikusanyika kwa mwenyekiti wa kijiji kusikiliza. Vijana wa mgambo wakaanza kuondoka, na malori yakaanza kupita kuelekea kaskazini yakiwa yamejaa watu wanaoimba. Vita vilikuwa mbali na Runazi, lakini chumvi ilitoweka wiki ileile.

Siku mbili kabla ya Shibuda kuja, alifika mtu kutoka Murusagamba, jirani aitwaye Idefonsi, amechoka na amejaa vumbi. Alisema Kanyange hainuki kitandani. Mguu umevimba mpaka pajani na homa haishuki.

"Nitakwenda kumchukua," Theonest alisema palepale. "Nimlete hospitali ya hapa Biharamulo, awe karibu nasi."

"Hospitali ya Ngara si iko karibu naye zaidi?" Deodata aliuliza.

"Kule nani atampikia? Nani atamgeuza kitandani?"

Hilo lilikuwa kweli, na Deodata akalikubali. Lakini aliona jambo jingine, akalisema taratibu. "Basi tumtumie Shibuda ujumbe aje kesho. Umpe gari lake, akupeleke Murusagamba nalo. Mtu mwenyewe ana moyo mzuri, hatakataa. Mama ataletwa, na gari litakuwa limeshauzwa. Njia zimejaa askari, Baba Kalista. Wanachukua magari ya watu."

Theonest akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nikamchukue mama yangu nikiwa abiria? Watu wa kwetu wamenizoea nikishuka upande wa usukani. Safari moja tu. Jumatatu Shibuda atapata gari lake."

Akaondoka alfajiri na Idefonsi.

Barabara ya Rulenge ilikuwa tope. Mara mbili walikata matawi wakayatandika chini ya magurudumu. Walimkuta Kanyange akiwa na akili zake zote lakini mwili umekwisha. Theonest alipiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa mvua hii yote?"

"Nimekuja kukupeleka hospitali."

"Ni mbali. Na maharage yangu nani atayapalilia?"

"Gari lipo, mama. Maharage Idefonsi atayaangalia."

Wakamtandikia godoro nyuma, wakafunga turubai juu. Mwanamke wa jirani, Nimpaye, alipanda naye ili amshike kichwa. Walikwenda pole sana. Kila shimo, Theonest alimsikia mama yake akiguna, naye akawa anaomba radhi kwa sauti, peke yake kwenye usukani.

Karibu na mji wa Biharamulo kulikuwa na kizuizi. Askari alichungulia chini ya turubai, akamwona mgonjwa, akasema, "Pita, mzee, mfikishe." Kisha akapanda pikipiki akawafuata nyuma.

Kanyange alipolazwa, Theonest alitoka nje na kumkuta ofisa kijana amesimama kando ya Pijo, akiligusa tairi kwa buti. Alimsalimia kwa heshima. Akamweleza kwamba magari yote mazima yanatakiwa, kwamba si gari lake tu, hata ya misheni na ya ushirika yamechukuliwa, na kwamba serikali itakumbuka. Mwenye gari anaweza kuacha ufunguo aende zake. Lakini madereva ni wachache, na mtu anayelijua gari lake anakaribishwa.

"Litarudi?" Theonest aliuliza.

"Vita vikiisha, kila kitu kitarudi," kijana yule alisema, na labda aliamini.

Deodata alikuwa amefika kutoka Runazi kwa baiskeli ya mwalimu mkuu. Alikuwa akimpangusa mama mkwe wake uso, Theonest alipoingia wodini na kumwita pembeni.

"Wamechukua gari."

Deodata alifumba macho kidogo. "Nilijua. Haya. Twende tukamweleze Shibuda."

"Mimi nakwenda nalo. Wanahitaji dereva."

"Wamekulazimisha?"

"Hapana."

"Ofisi yako imekuruhusu?"

"Hakuna muda wa kuomba ruhusa. Mama Kalista, nikiliacha mikononi mwa mtu mwingine hatutaliona tena. Nikiliendesha mimi, nitalirudisha. Nikilirudisha nitaliuza, nakuapia."

"Na mama yako je?"

Theonest alitazama kule kitandani, kisha akamtazama mkewe.

"Wewe upo," alisema.

Deodata alisimama mlangoni mwa wodi akaliona gari likigeuzwa, magunia ya mchele yakipakiwa mahali palipokuwa na godoro, na mumewe akipanda upande wa usukani. Godoro lilikuwa limeachwa kwenye nyasi. Alikwenda akalikunja, maana lilikuwa la Kanyange.

Tangu siku hiyo Deodata aliishi kati ya wodi na Runazi. Asubuhi alifundisha, mchana alipika, jioni alikuwa barabarani na kikapu kichwani kama hakuna wa kumpa lifti, na hakukuwa na wa kumpa, kwa kuwa magari yote yalikuwa vitani. Mguu wa Kanyange ulipasuka ukatoa usaha, ukapona kidogo, ukaharibika tena. Nimpaye alirudi kwao baada ya Krismasi. Naye alikuwa na watoto. Deodata akaomba likizo bila malipo, akahamia hospitalini.

Mwezi wa kwanza mwalimu mkuu alimfuata huko. Alikuwa mtu mpole, na alikaa muda mrefu akizungumzia mvua kabla ya kusema alichojia.

"Mwalimu, chuo kinafunguliwa. Nikusubiri mpaka lini?"

"Nimwache nani hapa, mwalimu?"

Yule mzee wa shule alitikisa kichwa. Nafasi ilikwenda kwa Bernadetha, mwalimu wa Nyantakara, ambaye hakuwa na mgonjwa.

Kanyange alifariki mwezi wa pili, mchana, akimwita Theonest. Deodata alimwambia, "Yuko njiani, mama." Alikuwa hajapata habari zake tangu aondoke.

Alimtuma mtu kwa baiskeli hadi Murusagamba. Huku nyuma alitafuta gari la kusafirisha maiti. Alikwenda misheni, akaenda ushirika, akaenda ofisi ya kilimo ambako Landrova ilikuwa bado juu ya mawe. Kila mahali walimpa pole. Alipofika Shibuda kumzika mama wa mtu aliyemnyima gari, alitoa ng'ombe wa matanga na sanda, lakini usafiri naye hakuwa nao. Hali ya hewa ilikuwa ya joto. Siku ya pili muuguzi alimwambia Deodata kwa sauti ya chini kwamba haiwezekani kusubiri zaidi. Kanyange akazikwa Biharamulo, kwenye makaburi ya parokia, kati ya watu asiowajua.

Ndugu wa Murusagamba walifika kwa miguu baada ya maziko. Shangazi wa Theonest alisimama mbele ya kaburi, akasema kwa Kihangaza, watu wote wakisikia, kwamba mkamwana amemtupa mama yao kama mbwa wa barabarani. Kisha wakaondoka bila kula.

Theonest alirudi mwezi wa saba, amekonda, amevaa koti la jeshi lisilo na vifungo. Kalista alimkimbia akajificha nyuma ya nyumba. Gari hakuwa nalo. Injini ilinoki ikafa ng'ambo ya Masaka, kule Uganda, wakiwa wamepakia majeruhi, na lori lililokuwa nyuma likalisukumia mtaroni ili msafara upite. Baada ya hapo aliendesha malori ya watu wengine mpaka mwisho.

Aliyasimulia hayo mfululizo, amesimama uani, kama mtu anayetaka kumaliza. Kisha akauliza, "Mama yupo ndani?"

"Ulipata barua zangu?"

"Sikupata hata moja."

Deodata alimpa maji kwanza. Alipokwisha kunywa alimwambia. Theonest hakulia. Aliuliza swali moja.

"Kwa nini hukumpeleka nyumbani?"

Deodata alimjibu bila hasira.

"Kwa gari lipi?"

Theonest akaketi chini palepale uani, mgongo ukutani, mpaka jua lilipomhama.

Ofisi haikumfukuza. Walisema aliondoka bila ruhusa, lakini aliondoka kwa ajili ya taifa, kwa hiyo walimpa baiskeli na vijiji vya mbali vya kuzungukia, na ile nafasi ya wilayani ilikuwa tayari na mtu. Kuhusu gari aliambiwa asubiri. Wenye magari walikuwa wengi. Alikwenda mara kwa mara akakuta benchi lilelile na watu walewale, mpaka akaacha kwenda. Murusagamba hakukanyaga. Idefonsi alituma salamu kwamba shangazi hataki kumwona Theonest wala mkewe.

Mwezi wa tisa mwalimu mkuu alipita nyumbani kwao akitoka kanisani. Alikuta Theonest akiziba pancha na Deodata akimenya mihogo.

"Mwalimu, majina yanaombwa tena," alisema. "Safari hii nakuweka wa kwanza. Gari halipo, mgonjwa hayupo. Utakwenda?"

Theonest aliinua uso. "Nenda, Mama Kalista," alisema upesi. "Mimi nitakaa na watoto. Nitapika. Nenda tu."

Deodata aliendelea kumenya. Mwaka mmoja nyuma angelisikia neno hilo akaruka. Alijaribu kuitafuta ile furaha iliyomfanya apite shamba la shule bila kuona watu, akaona hakuna hata mahali pa kuanzia kuitafuta.

"Andika mwingine, mwalimu," alisema.

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Andika mwingine."

Mwalimu mkuu alimtazama Theonest, ambaye alikuwa ameinamia gurudumu tena. Akaaga. Deodata akabeba mihogo yake akaingia jikoni, na Theonest akabaki uani akijaza tairi upepo uliokuwa bado unavuja.